Theluji ya Bucha

Jumanne, 19 Desemba
Jasho tangu alfajiri. Krismasi gani hii ya kulala madirisha wazi? Mimi nimelelewa kwenye theluji ya kufika magotini. Mke wangu alinileta huku kwao eti tujaribu mwaka mmoja. Leo amesema amechoka na ubishi: siku ya Krismasi tutamuuliza binti yetu. Akitaka baridi, tunarudi. Akitaka joto, tumebaki moja kwa moja. Nimekubali upesi mno, hata akanitazama mara mbili. Mtoto wa miaka saba! Nani anashindwa kumrubuni?

Jumatano, 20 Desemba
Nimemsimulia mtoto habari za theluji mezani. Akauliza kama ndiyo ile iliyokuwa ikitufanya tuvae soksi juu ya soksi. Nikasema ndiyo, raha tupu. Akasema hapendi soksi. Shemeji, kaka wa mke wangu, akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Huyu bwana hana kazi, ana mpira wa maji. Kila jioni anawarushia maji watoto wa mtaa mzima. Mjomba huyu, mjomba yule! Mimi baba mzazi niko kwenye kiti cha plastiki, najipepea kwa gazeti.

Ijumaa, 22 Desemba
Nimepasua mito miwili, nikatandaza pamba sebule nzima. Ikapendeza. Nikawasha feni ili ipeperuke na kuanguka kama theluji. Mama mkwe ana pumu, nilisahau. Alipopata pumzi aliuliza, kwa upole wake ule, kama kwetu hupasua mito kila Krismasi au ni heshima aliyofanyiwa yeye. Amenikata maini. Mito yenyewe ilikuwa yake.

Jumapili, 24 Desemba
Sasa mpango wa kweli. Mimi ni keshia wa bucha, na kuta za friza letu kubwa zina barafu nyeupe, laini. Theluji kabisa! Bosi alipotoka nikakwangua beseni zima, nikakimbia nalo nyumbani. Nikamfumba mtoto macho, nikamzamisha mikono. Akapiga ukelele kuwa inaunguza. Kisha akasema inanuka maini. Shemeji akainama, akanusa, akamsahihisha: utumbo. Wakaenda kunawa kwa mpira, wameshikana mikono. Nikabaki na beseni la maji mekundu.

Jumatatu, 25 Desemba
Bosi amepiga simu asubuhi. Niliacha mlango wa friza wazi. Nyama yote ya sikukuu imeoza, na kazi sina. Sikupewa hata nafasi ya kueleza.
Mchana mtoto akaulizwa mbele ya ukoo wote, amelowa chapachapa. Hakufikiri hata kidogo. Anabaki. Mama yake akamwambia amfikirie na baba. Akanitazama kwa huruma, akasema baba aende tu akacheze kwenye theluji yake, akichoka arudi. Wakacheka wote. Nami nikacheka. Meno tu.

Jumanne, 26 Desemba
Nimetafakari usiku kucha, na kosa nimeliona. Ni nyama. Nyama ina damu, na damu ndiyo inayonuka. Mtoto hakuikataa theluji, aliukataa utumbo. Ushahidi haukuwa halali. Lazima aulizwe upya.
Muuza samaki sokoni anatafuta keshia. Hakuuliza kwa nini nimetoka bucha. Mimi nimeuliza ukubwa wa friza lake. Naanza kesho.