Gobore Langu Halihitaji Bima

Mbuji, Mbinga.

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kama hatusali pamoja, basi habari za kazi. Mimi ni Wendelin, mkulima wa kahawa na mahindi, mmiliki halali wa gobore nililorithi kwa marehemu baba. Redioni nimewasikia wataalamu wakitaka kila mwenye bunduki alazimishwe kukata bima ya kuwafidia watakaodhurika. Nimeudhika sana. Naomba nafasi gazetini kabla hawajakubaliana.

1. Gobore langu halina ugomvi na mtu, ila nyani na nguruwe pori. Likichukuliwa kwa kukosa bima, mahindi yangu yataliwa yote, na wanangu watalala njaa. Hapo sitanii.

2. Kulijaza baruti, kuishindilia na kuliomba lisigome ni kazi ndefu. Anayetaka kudhurika nalo lazima awe na subira, na mwenye subira hiyo fidia ya nini?

3. Wanasema chochote kinachoweza kumdhuru jirani kikatiwe bima. Sawa. Waanze na pombe anayopika jirani yetu Bonifasia, iliyoangusha wanaume wengi katika miteremko yetu kuliko magobore yote ya kata. Kisha sauti ya pili ya kwaya yetu.

4. Nyani naye akate. Yeye ndiye mchokozi. Akishalipa, mimi nitamfuata nyuma, gobore begani.

5. Bima itatuharibia tabia. Mtu akijua kuna wa kumlipia, atafyatua ovyo. Mimi sina wa kunilipia, ndiyo maana naangalia mara mbili.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata wale wasiosoma barua zetu, na familia zao.

Wako katika kulinda mashamba,
Wendelin

N.B. Kabla sijaituma barua hii, alfajiri ya leo mahindi yametikisika. Nimeangalia mara mbili, nikafyatua, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki gobore halikukosa. Kumbe ni nguruwe wa mama mkwe wangu, Kunigunda, aliyetuachia tumtunzie alipokwenda hospitali ya Liuli kutibiwa macho. Mama anarudi Jumamosi, na safari hii ataona vizuri. Ndugu yangu, usiichape barua. Niulizie tu kama bima inaweza kukatwa leo ianzie jana, na kama hao wa bima wana wakala wa kwenda kumpokea mama mimi nikiwa shambani.