Ombi la Kuongezewa Umbali wa Kwenda kwa Dada Yangu

Ndugu Meneja wa Uwanja wa Ndege,

Natumai u mzima na kiti chako kinakukaa vizuri. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini bango mlilosimamisha mbele ya dirisha langu la jikoni nalisoma vizuri sana, maana sina pa kulikwepa. Limeandikwa kwamba kutoka uwanjani kwako mpaka mji anakokaa dada yangu ni kilomita mia tano na tisini, mwendo wa saa moja na dakika kumi tu. Ninalalamika kama ifuatavyo.

1. Kwa miaka kumi na minne namwambia dada yangu kwamba ningekuja kumwona ila ni mbali. Kwa basi ni siku mbili na miguu inavimba, kila mtu anajua. Nilikuwa nimetulia zangu na umbali wangu. Wewe umekuja na ngazi na rangi, ukaniharibia.

2. Hilo "tu" ni la nini? Nani alikuuliza? Ungeandika saa na dakika zako ukanyamaza.

3. Dada naye ameliona bango la huko kwao. Akalipiga picha, akaituma kwenye simu ya mjukuu wangu bila neno hata moja. Mtu anayetuma picha bila neno ni wa kuogopwa. Huyu ndiye aliyenikalisha kwenye kiti cha plastiki siku ya harusi ya bintiye, nyuma ya majirani, mimi mdogo wake wa tumbo moja! Sikudai sofa. Nilitaka aniite mbele. Mpaka leo hajaniita.

4. Fundi cherehani wa mlango wa pili amepiga hesabu kwa chaki yake: muda niliokaa barazani nikimsema dada ungenipeleka kwake na kunirudisha mara mia tatu. Tangu siku hiyo simpelekei nguo. Sasa natembea na gauni lililofumuka kwapani, na hilo nalo liko juu yako.

Kwa hiyo naomba, tena kwa adabu, bango lisomeke mwendo wa saa tisa. Mkiona ni uongo, basi ndege iende saa tisa kweli. Izungukezunguke huko juu, mawingu hayana mwenyewe. Ikishindikana, uhamisheni uwanja. Trekta mnazo, nimeziona zimekaa bure.

Nisalimie rubani, wabeba mizigo wote, na yule binti wa dirisha la tiketi anayetafuna chingamu huku akinitajia nauli. Mwambie nimemwona.

Nakomea hapa, nikisubiri jibu lenye mhuri.

Ni mimi,
Bibi wa geti la bluu, mkabala na bango lako.

Nyongeza: Mjukuu wa dada amepiga simu sasa hivi. Dada anapasuliwa jicho Jumatano, na ameamuru mimi nisiambiwe. Nisiambiwe mimi! Nani atamshika mkono kumpeleka chooni? Kesho asubuhi nitakuwa dirishani kwenu kabla hamjafungua. Niwekeeni kiti cha karibu na mlango, nitoke wa kwanza. Na hiyo saa moja na dakika kumi yote ya nini? Mwambie rubani akanyage mafuta.