Pointi Mia za Jenerali Masikio

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye nimepewa kiumbe. Miaka minne katika ofisi hii ya kutengeneza gemu nimechora mawe. Mawe makubwa, mawe madogo, mawe yaliyopasuka, mawe yenye kuvu. Mchezaji anapita mbio akimfukuza adui na hatazami hata moja. Wenzangu wananiita Mzee wa Mawe na wanadhani ninafurahia.

Leo Bosi ametangaza kwamba gemu yetu ya wanyama wanaopigana imebaki na nafasi moja ya mpiganaji, na nafasi hiyo ni ya sungura. Akauliza nani anawajua sungura vizuri. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajameza mate. Nikasema nimekua na sungura, nimekula na sungura, sungura ni kama ndugu zangu. Uongo mtupu. Mfugaji ni mama mkwe, tunayekaa naye, na vibanda vyake viko nyuma ya jiko. Mimi huwaona kwa mbali ninapokwenda kuanika soksi.

Masharti ni haya. Ijumaa wanakuja wageni wawili kutoka kampuni itakayoisambaza gemu. Watamtazama sungura akipigana. Wakimpenda, mimi ni mbunifu wa viumbe moja kwa moja, pamoja na meza ya dirishani. Wasipompenda, narudi kwenye mawe. Bosi alilisema hilo huku akitabasamu. Mama huyu ana tabasamu zuri sana, hasa anapokuharibia maisha.

Baadaye akaja Miwani. Huyu ndiye aliyebuni nungunungu, kiumbe anayependwa kuliko wote kwenye gemu, na tangu siku hiyo amekuwa mnyenyekevu kupita kiasi, jambo linalochosha sana. Akasema nikihitaji msaada wa sungura, yupo. Nikamshukuru. Nikafunga kompyuta asione kitu. Msaada! Leo anakusaidia, kesho jina lake limekaa juu ya lako.

Jumanne, 4 Machi

Amezaliwa! Jenerali Masikio. Mabega ya mpagazi, kifua kimejaa medali, meno mapana kama milango ya ghala. Masikio yamekunjwa ngumi. Nani mwingine angefikiria masikio yanayopiga ngumi? Nimempa na kovu jichoni, ili aonekane ametoka mbali.

Nikampelekea Bosi. Akatazama kwa muda mrefu. Akauliza sungura yuko wapi. Nikamwonyesha mkia. Akasema, kwa upole wake ule, kwamba anachoona yeye ni mwanajeshi mstaafu aliyebandikwa mkia. Kisha akaongeza kuwa kwa vile mimi nimekua na sungura, nimpelekee kesho asubuhi mbinu tatu za kweli ambazo sungura hutumia anapopigana. Za kweli, alilirudia neno hilo.

Nilipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Nikamwomba mama mkwe anionyeshe sungura wakipigana. Alinitazama kama anavyonitazama siku zote, yaani kama fundi aliyeharibu kazi na bado anasubiri chai.

"Sungura hapigani, baba," akasema. "Sungura anaondoka."

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba haya ni mambo ya kitaalamu, mama. Nikaingiza mkono kibandani, nikamshika dume mkubwa masikio ili nimtoe. Mama mkwe akapiga ukelele kwamba sungura hanyanyuliwi kwa masikio. Alichelewa. Dume alijikunja, akaninyooshea miguu ya nyuma kifuani, mara mbili, shati langu la kazini likapasuka kuanzia kola hadi mfukoni. Kabla sijajua ninatoka damu au sitoki, alikuwa keshajificha chini ya tangi la maji. Ilituchukua saa nzima kumtoa.

Lakini mbinu ya kwanza nimeipata. Teke.

Mke wangu alinipaka dawa huku akicheka. Nikamwambia watafiti wengi wameteseka kuliko mimi. Akacheka hadi chupa ya dawa ikamwagika.

Jumatano, 5 Machi

Nimewasilisha mbinu tatu. Ya kwanza, Teke la Radi. Ya pili, Kishindo: Jenerali anapiga mguu chini na ardhi inatetemeka, kama sungura anavyofanya akihisi hatari. Ya tatu niliipata kwa mama mkwe wakati wa chai ya asubuhi. Kumbe sungura hula kinyesi chake mwenyewe, kile laini, ili apate nguvu zilizobaki. Nikaifanya uwezo wa kujiponya vitani. Nikaiita Karamu ya Pili.

Bosi alikuwa anakunywa chai alipofika kwenye mbinu ya tatu. Akaweka kikombe mezani na hakukigusa tena. Akaomba hiyo tuiache. Miwani akadakia kwamba ni kweli kabisa, ameisoma mahali, sungura hufanya hivyo. Hakuna aliyemuuliza! Sasa chumba kizima kinadhani mtaalamu wa sungura ni yeye, na mimi ni mtu anayependa kuzungumzia kinyesi.

Mchana Jenerali akaingia kwenye majaribio. Utaratibu wetu uko hivi. Kila kiumbe hupewa pointi mia, na mbunifu wake anazigawa kwenye visanduku vitano vya jedwali: uhai, nguvu, kasi, ulinzi, uzito. Hakuna anayepewa mia na moja, hata kwa kulia. Kisha dada anayejaribu gemu, ambaye sijawahi kumsikia akiongea, anampiganisha kiumbe huyo na wenzake na kuandika ripoti.

Mapambano hamsini na nungunungu. Jenerali kashindwa hamsini. Mapambano hamsini na konokono. Kashindwa arobaini na saba, na yale matatu ni kwa sababu umeme ulikatika. Konokono! Ripoti ya yule dada ilikuwa na neno moja: Anakufa.

Miwani akaja tena na kiti chake. Akasema labda tatizo ni kumlazimisha sungura kupigana. Labda tumfanye mdogo, masikio yageuke kila moja upande wake, asikie pigo kabla halijafika, aruke kando, akimbie, amchoshe adui. Nikatega sikio. Maneno ni yale yale ya mama mkwe. Nikashuku wanawasiliana. Nikamwambia nitalifikiria wazo lake, na nikalifikiria mpaka alipofika mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua kitu. 

Nilikuwa ninahamisha pointi. Natoa huku, naweka kule, ukivuka mia jedwali linageuka jekundu na kukataa. Nimefika kwenye kisanduku cha uzito, kidole kikateleza, kikaweka alama ya kutoa mbele ya namba. Nikasubiri wekundu. Haukuja. Jedwali lilinyamaza. Jedwali linajumlisha tu, halina habari na kitu kingine!

Nikafunga mlango. Uhai thelathini. Kasi thelathini. Ulinzi ishirini. Uzito, hasi themanini. Nguvu, mia moja! Jumlisha uone. Mia kamili, halali, hakuna aliyeibiwa. Mpiganaji mwenye nguvu zaidi ya wote ana sitini. Uzito wenyewe una kazi gani? Mimi binafsi natamani kuupunguza tangu nioe.

Utaratibu unasema kila badiliko lipelekwe kwa yule dada kabla ya saa nane ili alijaribu. Nimpelekee, halafu Miwani achungulie? Nikamwambia dada huyo nimebadilisha rangi ya medali tu. Akanitazama. Akaandika kitu kwenye daftari lake. 

Nilijaribu mwenyewe, nisije nikaonekana mzembe. Jenerali na konokono. Ngumi moja ya sikio la kulia, konokono chali. Pambano limechukua sekunde mbili. Sikuhitaji hata kufika kwenye teke. Nikaenda kuipima meza ya dirishani kwa rula. Kompyuta yangu inaenea, na nafasi ya kikombe inabaki.

Ijumaa, 7 Machi

Niliandike hili haraka kabla sijabadili mawazo.

Wageni walifika saa nne, baba mmoja wa makamo na dada mmoja aliyevaa koti. Wakaketi mbele ya skrini kubwa ya chumba cha mikutano. Nikawaeleza kuhusu sungura kwa dakika kumi na moja. Bosi alinionyesha saa mara mbili. Nikaomba mpinzani awe nungunungu. Niliomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, tena nikamtazama Miwani ili aumie vizuri.

Pambano likaanza. Ngumi ya sikio, nungunungu akapoteza nusu ya uhai. Yule baba akasogeza kiti mbele. Ngumi nyingine, nungunungu akabaki na uhai wa kuhesabu kwa kidole. Raha gani hii! Hapo ningeweza kummaliza kwa ngumi ya tatu. Lakini nilitaka kumaliza kwa madaha. Nikabonyeza Teke la Radi.

Jenerali aliruka. Akapiga teke, likapita hewani. Akaendelea kwenda juu.

Kamera ikamfuata. Ikapita miti. Ikapanda genge lote la mawe, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne watu walikaa kimya wakiyatazama mawe yangu, moja baada ya jingine, yakishuka taratibu kwenye skrini. Ni mawe mazuri, sifichi. Kisha mawingu. Kisha rangi ya bluu tupu, kwa sababu huko hakuna mtu aliyewahi kuchora chochote. Katikati ya bluu, Jenerali Masikio na medali zake, uso umekunjamana, anapaa.

Gemu haiishi mpaka mmoja afe. Hakuna aliyekufa. Bosi akauliza anashuka saa ngapi. Nikasema sasa hivi. Dakika ya nne akauliza tena. Nikasema upepo.

Nilisikia aibu. Si ile ya kujikuna kichwa ikapita. Ilinishuka hadi miguuni na nikatamani sakafu inimeze. Nilitaka sana meza ile.

Ndipo yule dada mwenye koti akaanza kucheka. Akamwambukiza baba. Walicheka mpaka baba akalegeza tai. Miwani akasimama. Akasema, kwa sauti yake ya kinyenyekevu, kwamba wazo lenyewe ndilo hilo: sungura hapigani, anaondoka. Teke lake si la kuua, ni la kumtoa hatarini, na kazi ya mchezaji ni kujua lini aondoke na arudi vipi. Leo ameondoka kupita kiasi, hilo litarekebishwa. Wageni wakapiga makofi. Nami nikasimama, nikaanza kusema kwamba hilo hasa ndilo lililokuwa wazo langu tangu Jumatatu.

Wakati huo huo yule dada wa majaribio alikuwa amefungua jedwali. Akasoma kwa sauti: "Uzito, hasi themanini." Akafafanua kwamba uzito huanza kufanya kazi pale mnyama anapoacha ardhi, na kwamba angeliona hilo jana kama angeambiwa. Kumbe ana sauti nzuri, ya kusikika hadi nyuma. Bosi akanigeukia akitabasamu.

Jumamosi, 8 Machi

Niko nyumbani. Mama mkwe akauliza sungura wangu amefanyaje. Nikasema ameondoka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema si alinieleza.

Mke wangu akamsimulia yote, pamoja na maneno ya Miwani. Mama mkwe akasema huyo kijana ana akili. Akauliza kama ameoa, maana shemeji yangu mdogo bado yupo. Nimekwenda kuanika soksi. Dume yule alinitazama kutoka kibandani bila kupepesa jicho.

Jumatatu, 10 Machi

Hukumu imetoka. Wageni wamempenda sungura na ataingia kwenye gemu. Miwani ndiye atakayemkamilisha. Tayari amemfanya mdogo, amemvua medali, masikio yanageuka kila moja upande wake. Kovu la jichoni ameliacha, eti kwa heshima yangu. Akapendekeza kwa Bosi kwamba jina langu liandikwe pamoja na lake. Nikasema liwe juu ya lake au lisiwepo. Halitakuwepo.

Narudi kwenye mawe. Bosi anasema yanahitajika mengine mia mbili haraka, kwa sababu sungura mpya anaruka juu sana na wageni waliuliza nani alichora lile genge. Nadhani alikusudia kunifariji, ila sijafarijika.

Kompyuta ya chumba cha mikutano hakuna aliyeizima tangu Ijumaa. Wafanyakazi wanapita na vikombe vyao, wanachungulia, wanaulizana. Bado anapaa. Nilisimama pale kidogo peke yangu. Nilimpigia saluti, lakini mlango ulikuwa wazi na mfagizi aliniona.

Nimekaa nikajichunguza kwa uaminifu, kama mke wangu alivyonishauri. Nimekosea wapi? Nimeliona kosa, wala silikatai. Themanini ilikuwa nyingi. Ingekuwa hasi sabini.

Mchana nikafungua jedwali la mawe. Sikuwahi kulitazama kwa makini miaka yote hii. Mawe nayo yana visanduku vitano. Nguvu ya jiwe ni sifuri, tangu gemu ianze hakuna aliyeigusa. Na uzito wa jiwe ni mkubwa ajabu, na kisanduku chake kinakubali alama ya kutoa. Sungura wa Miwani atapita karibu na mawe haya kila siku.

Nimeanza na moja, pale chini ya genge. Nimelichorea masikio madogo ambayo hayaonekani usipoambiwa. Miwani alipita na kiti chake, akauliza kama nahitaji msaada wowote.

Nikamshukuru, nikafunga kompyuta.