Malalamiko Kuhusu Kiti cha Karibu na Meza ya Pasi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoamka mapema kututayarishia gazeti. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nimekuja mjini kwa shangazi yangu kwa likizo hii ya wiki tatu. Mwalimu wetu ametuagiza insha, nami nikachagua "Muziki wa Mjini kwa Jicho la Mgeni". Nilichagua hivyo kwa sababu yako. Ukurasa wa tisa uliandika kwamba bendi moja ya mtaa hufanya mazoezi alasiri katika chumba cha fundi cherehani, na kwamba "mgeni ataketi nyuma, atasikiliza, wala hakuna atakayemsumbua." Mimi ni mtu wa haya. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu kabla ya kuvaa viatu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba kina vyerehani vinne, spika moja, na kilikuwa na kiti kimoja tu kitupu, karibu na meza ya pasi. Nikakaa. Mwimbaji wao, muuguzi aliyekuwa bado na sare ya kazini, akaniuliza, "Wewe ndiye wa kayamba?" Mimi kukataa jambo hunichukua muda. Nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu, kayamba likawa tayari mapajani mwangu.

2. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa dakika ya nne. Kwa hesabu yangu, mji huu umeninyima siku mbili kasoro dakika nne za ugeni.

3. Nililishika kayamba kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, ili lisilie. Likalia. Fundi, ambaye ndiye mpiga gitaa, akapaza sauti, "Hapo hapo! Usitoke hapo!" Nisingeweza kutoka, maana sikujua nilipo.

4. Daftari langu lenye maswali kumi na manne lilichukuliwa na mwoka mikate, mpiga besi, likawekwa chini ya spika iliyokuwa ikikoroma. Ikanyamaza. Tangu hapo kila nikiliomba naambiwa, "Profesa, ukilitoa tutakoroma wote." Profesa ni mimi, kwa sababu ya miwani.

5. Juzi, kwenye foleni ya mkate, shangazi aliambiwa, "Shangazi yake Profesa, pita mbele!" Akarudi nyumbani akanikazia macho: "Wewe? Wewe ambaye mtu akibisha hodi unajificha jikoni?" Mhariri, mgeni wa kweli hajulikani na foleni. Sasa nikiandika "kwa jicho la mgeni" nitakuwa nasema uongo, na mwalimu wetu akinusa uongo hutoa sifuri. Insha inatakiwa Jumatatu.

Kwa hiyo naomba mchape masahihisho. Naomba pia viti vya wageni vipakwe rangi yake, na bendi zote zikatazwe kupiga vizuri mgeni akiwa chumbani, kwa kuwa hapo ndipo miguu humsaliti mwenyewe. Ikishindikana, itangazwe rasmi kwamba mji huu haupokei wageni, unapokea wapigaji tu, ili sisi wenye haya tujue mapema.

Nisalimie mwandishi wa ukurasa wa tisa (simchukii), wachapaji wote, na mlinzi wa mlangoni kwenu aliyepokea barua hii bila kuniuliza naimba sauti gani.

Wako katika kutafuta haki,
Mgeni wa Dakika Nne

N.B. Tafadhali usiichape kabla ya Jumamosi. Saa kumi alasiri tunapiga hapo hapo kwa fundi, milango wazi, na muuguzi akiisoma anaweza kudhani nimechoka, akampa mtu mwingine kayamba. Ukiweza, litangaze onyesho letu ukurasa wa tisa. Waambie wasomaji wakae popote wapendapo, isipokuwa karibu na meza ya pasi. Kiti kile kina mwenyewe.