Usawa Wafika Otonglo kwa Magari Manne

Kwa niaba ya Kamati ya Kusaidia Mashirika Kujifunza na Kuendeleza Usawa wa Afya, Kanda ya Ziwa, ninatangaza kwa furaha kwamba usawa umefika Otonglo. Ulifika Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na nne, kwa magari manne. La tano lilileta kuku wa mchana.

Mimi ni mwanakamati. Cheo changu ni Mwakilishi wa Wananchi Maskini, Wajane na Wengineo. Kazi yangu ni kufungua mkutano kwa maombi na kuufunga kwa maombi, na hapo katikati ninaketi kimya. Kiti changu ni sawa na cha wengine, ila hakina mgongo.

Semina za kwanza tulizifanyia hotelini, mjini Kisumu. Mashirika yalikuja kujifunza: shirika la visima, shirika la mbegu, ushirika wa samaki, hata jamaa wa kampuni ya magodoro. Yalijifunza vizuri sana, yakarudi kujifunza yale yale. Ndipo Mwenyekiti wetu, Bwana Oketch, mtu mkubwa wa mtaa wa Milimani mwenye suti ya kijivu na sauti ya mhubiri, akasema usawa usiishie hotelini, lazima uteremke kwa mwananchi. Tukapiga makofi. Tukaamua uteremkie zahanati ya Otonglo.

Zahanati yenyewe ina chumba kimoja kikubwa, kile cha matibabu. Kwa hivyo asubuhi wagonjwa walitolewa nje, pamoja na kabati la dawa, ili usawa upate mahali pa kukaa. Hakuna aliyeonewa. Walitolewa wote, wa homa na wa vidonda, bila ubaguzi wa aina yoyote, na Mwenyekiti akasema hayo tayari ni mafanikio.

Daktari Wasike naye aliagizwa abaki ndani kama mwenyeji. Hakusomea udaktari mpaka mwisho, lakini kwetu mtu akikudunga sindano ukapona, huyo ni daktari.

"Bwana Mwenyekiti," akasema, "huko nje kuna watu."

"Hao ndio walengwa," akajibiwa. "Sisi hapa tunawazungumzia. Sasa wewe ukitoka kwenda kuwatibu, nani atabaki kuwazungumzia?"

Wasike akakaa karibu na mlango.

Nikatumwa kubandika Azimio letu la hotelini kwenye mlango kwa nje, wagonjwa wapate kitu cha kusoma wakingoja. Liliandikwa kwa herufi kubwa: MKUBWA ASIRUKE FOLENI. ANAYEKUJA MWISHO AKAE MWISHO. Chini yake, sahihi ya Bwana Oketch, ndefu kama ndoano ya samaki mbuta.

Hapo mlangoni nikamkuta Selpha, anayeuza omena, dagaa wetu wa ziwani, pale barabarani, amembeba mtoto wake Lornah.

"Mama Perez, hii mtoto inachomeka tangu jana. Sasa imeanza kugeuza macho. Daktari ako wapi?"

"Ako kwa semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kukusaidia wewe."

Aliniangalia vile unaangalia samaki wa juzi. "Basi mwambieni nimesaidika. Atoke."

Nikamgusa mtoto. Alikuwa kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Nikaingia ndani, nikamnong'onezea Mwenyekiti.

"Hiyo itaingia kwa Mengineyo," akasema.

"Mengineyo ni saa ngapi, Bwana?"

"Baada ya kuku. Ajenda ni ajenda, Mama. Fungua kwa maombi tuanze. Fupi."

Sasa, mtu asiyetoka kwetu huenda hajui jambo hili. Maombi yakianza, watu wanasimama, wanafumba macho, na hakuna wa kuongea, kuketi wala kufumbua mpaka amina. Waziri unaweza kumkatiza. Mjane anayeomba humkatizi. Mimi peke yangu huomba jicho moja likiwa wazi kidogo, maana tumeagizwa kukesha tukiomba, na kukesha huku umefumba sijui kunafanyika vipi.

"Baba Mtakatifu," nikaanza, "tunakushukuru kwa mlango huu wa zahanati, ambao hauna komeo. Tunakushukuru kwa mtumishi wako aliyesimama karibu nao. Mkumbushe, Baba, sindano ziko kwenye kabati la hapo barazani. Mpe miguu myepesi."

Wasike alikuwa na miguu myepesi sana. Mlango haukulia hata kidogo.

Nikaombea visima. Nikaombea mbegu, moja moja: mahindi, mtama, wimbi. Nikawaombea mbuta na ngege, na wavuvi, na wake wa wavuvi. Kutoka nje nikasikia Lornah analia, kile kilio cha sindano, cha hasira, cha mtoto ambaye bado yuko nasi. Ningeweza kusema amina hapo. Lakini foleni ilikuwa bado ndefu, na magodoro nilikuwa sijayafikia.

"Amina!" Mwenyekiti akasema kwa nguvu.

"Naam, Baba, mtumishi wako ameafiki, basi tuziinue mbele zako wizara."

Nilikuwa kwenye Wizara ya Ardhi wakati Bwana Oketch alipoyumba, akashika ubao wa karatasi, wakaanguka wote wawili. Jamaa wa magodoro wakambeba nje. Wasike akamshika mkono, akamwangalia macho, akasema ni kusimama tu na joto la suti. Anywe maji, angoje zamu.

Wakamweka mwisho wa foleni, chini, ukutani, nyuma ya mzee Wakhisi aliyevimba kidole cha mguu.

"Mwambieni mimi ni nani," Bwana Oketch akasema kwa sauti ndogo.

Mzee Wakhisi akageuka. "Kwani unaumwa nini?"

"Mimi ni Mwenyekiti."

"Pole," mzee akasema, na alimaanisha. "Ilikuanza lini?"

Mwenyekiti akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, kisha akaona kile alichokuwa anakinyooshea. Ilikuwa sahihi yake. Akaurudisha mkono polepole. Selpha alikuwa anapita, mtoto amelala begani kwake. Akamsogezea kipande cha gazeti akalie, suti isichafuke.

Mkutano haukufunguliwa, kwa hivyo haukuhitaji kufungwa. Kuku waliliwa na walengwa. Jioni hivi Bwana Oketch, akiwa bado na watu wanne mbele yake, alinivuta kitenge.

"Mama Perez, niombee basi."

Nikafumba macho yote mawili. "Baba, foleni isogee."

Ikasogea, mtu mmoja.