Dubu Mwenye Miwani Mgongoni

Leo nimeaibika mbele ya mtaa wetu wote wa Kinama, na hasira bado hazijaniisha. Nawaandikia kutoka duka la intaneti mjini, mwanangu Divine yuko mgongoni. (Nimehakikisha. Mara mbili.)

Mnajua nauza mitumba. Robota la leo lilijaa dubu wa kuchezea, wakubwa kama mtoto wa mwaka mmoja. Nikawapanga mezani. Divine nilimlaza chini, juu ya gunia, nikamfunika kitenge. Usiku mizinga haikutuacha tulale, kwa hiyo hata kikohozi cha jirani kilikuwa kinanishtua.

Akaja baba mmoja. "Mama Divine, hizi mbwa ni bei gani?"

Mbwa! Na mimi nimesoma sekondari! Nikamwanzishia somo. "Huyu mweupe anaishi kwenye barafu. Huyu wa rangi mbili ni panda, wa China, anakula mianzi. Huyu wa kahawia yuko Urusi na Amerika. Mwenye hilali kifuani ni wa Asia. Na huyu uliyemshika, mwenye duara machoni kama miwani, anatoka milima ya Amerika ya Kusini."

"Na wa Burundi?"

"Afrika yote hakuna hata mmoja."

"Tushukuru Mungu. Risasi zinatutosha."

Akaenda bila kununua. (Somo la bure!) Nikabaki nalalamika peke yangu.

PAAA!

Hakuna aliyeuliza ni nini. Soko zima liliinama, kisha likakimbia. Nikainama kwenye gunia, nikakumba kitenge na kilichomo, nikatupa mgongoni, nikafunga fundo huku nakimbia. Nikapita kizuizi cha askari, nikapanda njia ya Gihosha. Nilijiona mwepesi ajabu. Nikasema moyoni: kumbe uoga unapunguza uzito!

Kwenye ua wa kanisa, bibi mmoja akanihurumia. "Leta nikushikie mutoto, mwanangu, upumue."

Akafungua kitenge. Akatazama. Akatazama tena.

"Eh, mama... huyu mutoto anavaa miwani?"

Ua wote ukageuka. Mimi sikusubiri kicheko. Nilipiga yowe, nikamkwapua dubu (sijui kwa nini!), nikarudi mbio nilikotoka. Kwenye kizuizi askari akanisimamisha.

"We mama, unarudi wapi? Watu wanakimbia!"

"Nimesahau mutoto sokoni!"

"Na huyo ni nani?"

"Dubu!"

"Dubu ya wapi?"

"Ya Amerika ya Kusini!" nikamfokea, machozi yananitoka.

Akanipisha. Alicheka mpaka akaegemea magunia yake ya mchanga.

Sokoni nikamkuta Mama Hawa, jirani yangu wa meza, ametulia kwenye kigoda chake. Divine yuko mapajani mwake, anatafuna mkate.

"Ni tairi ya lori tu imepasuka," akasema. "We ulikimbia nini?"

"Kwa nini hukuniambia umemuchukua mutoto?"

"Nilikuambia! Alilia, nikamubeba. Yule baba naye akatupa dubu yako pale pale, chini ya kitenge. Lakini apana, we ulikuwa unafundisha."

Nikamnyang'anya mtoto, nikamkumbatia mpaka akalia tena.

Basi ndiyo hivyo. Dubu wote nawajua, kwa nchi na kwa chakula. Aliyenishinda kumtambua ni huyu niliyemzaa mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke kimyakimya. Divine ndiyo kwanza amelala.