Vita vya Karai: Jinsi Ilunga Alivyompikia Mkwewe Kichina

Tegeni masikio, enyi wavuvi wa ndagala, enyi makarani wa bandarini, nanyi mliopauka kwa vumbi la saruji kule Kabimba! Wekeni chini nyavu na mihuri, kwa maana jambo hili halijapata kutokea tangu nchi iitwe Zaire na sisi sote tuitwe masitwayeni, yaani wananchi. Ni habari ya Sitwayeni Ilunga, simba wa maneno, bahari ya ahadi, ambaye Jumapili moja alivaa abakosti yake, lile koti la heshima lisilo na tai, akakunja mikono, akaingia jikoni kupika chakula cha Wachina.

Msimcheke, shujaa alikuwa hatarini. Mkwewe, Mama Florentine, alikuwa ameshuka na gari moshi kutoka Nyunzu, wala hakuja kusalimia. Alikuja kumchukua binti yake Kapinga. "Kila siku bwana yako anasema atapaka nyumba chokaa, atanunua radio, atachimba choo, atapika Kichina," alimwambia. "Afanye kitu moja tu yenye alisema, nitarudia peke yangu. Asipofanya, funga mizigo." Ilunga aliyasikia hayo kupitia ukutani, akaanza kuhesabu ahadi zake, kwa kuwa alimpenda Kapinga. Kumpenda alimpenda kweli, choo tu ndicho alichokuwa hajachimba.

Kati ya ahadi zake zote, moja tu ingeweza kutimia kabla ya treni kurudi: kupika Kichina. Mwasema, alijifunzia wapi? Zamani, huko Kinshasa, mkubwa wake alimtuma akamchukulie chakula kwenye mgahawa wa Wachina, naye njiani akafungua boksi, akachovya kidole, akalamba. Chuo chake chote cha upishi kilikuwa kidole hicho.

"Mimi Ilunga, mutoto wa Isidore!" alinguruma mbele ya mbabula, lile jiko la makaa, moto ukimmulika usoni. "Mimi mwenye nilionja siri ya Bachina! Leo moto itanijua, mafuta itanijua, na hii kuku, hata kama imekufa, itanijua!"

"Chumvi iko nyuma yako, Papa," alijibu mkewe Kapinga.

Vita vikaanza. Vitunguu vilimtoa machozi, naye akasonga mbele. Kuku aliruka ndani ya mafuta, mafuta yakaruka juu ya abakosti, wala jemadari hakurudi nyuma. Ile sosi nyeusi ya Wachina haikuwako katika duka lolote mjini, kwa hiyo akaunguza sukari mpaka ikawa nyeusi kama karai lenyewe, akaimwagia siki na tangawizi. Moshi uliopanda ulimleta jirani yake, Papa Kizito, mbio, na ndoo ya maji mkononi.

"Nyumba inaungua?"

"Hapana! Hii njo Kichina!"

Papa Kizito alinusa, akaketi juu ya ndoo yake kungoja.

Wali ukakaangwa kwa karoti na mayai, ukapakuliwa. Lakini mkwe hali mbele ya mkwewe, hiyo ni heshima hata kwa mashujaa. Kapinga akapeleka sahani ndani, na Ilunga akabaki nyuma ya nyumba, sikio ukutani.

"Mboga nimeiona," sauti ya Mama Florentine ikasema. "Bukari iko wapi?"

"Mama, muchele njo chakula yenyewe."

"Muchele njo ya wagonjwa. Leta bukari."

Kapinga akasonga bukari, ule ugali wao wa kila siku, upesi. Hivyo wali wa kukaanga, fahari ya Uchina, ukamegewa matonge na kuliwa kama sombe, mboga ya majani ya muhogo. Ilunga alifumba macho, akamwomba Mungu wa Wakristo, na akiwapo wa Wachina, naye pia. Kisha akasikia kidole kikikwangua sahani.

"Kapinga."

"Mama."

"Bwana yako alisema, akafanya. Sikuchukui tena."

Ilunga alirusha mikono juu, akamkumbatia Papa Kizito aliyekuwa bado anangoja juu ya ndoo yake, akalia waziwazi. Sauti ya ndani ikaendelea:

"Na Nyunzu nirudie kufanya nini? Kule nani ananipikia hivi? Fungula mizigo yangu."

Yashikeni basi, enyi mnaohifadhi habari za wakuu, mkawasimulie wajukuu: siku hiyo, kando ya ziwa la Tanganyika, Ilunga aliokoa ndoa yake kwa karai na sukari iliyoungua. Akamshinda adui yake kabisa kabisa, na adui, kwa kukiri kushindwa, akahamia kwake na kuchagua chumba chenye dirisha.